Nyonga Yangu ya Kauri, Mwaka wa Kumi na Saba

Nyumba ya Kona, Ghorofa ya Pili
3 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nzito kama mfuko wa saruji. Hujambo? Shemeji na mapacha wazima? Sisi tupo, ila wifi yako anadai nakoroma. Mimi sijawahi kusikia.

Barua yako imefika. Umeuliza kitu kimoja tu: nyonga ya bandia inadumu? Umeniuliza mimi kwa sababu kila harusi najisifu kwamba kiungo changu ni cha kauri, mawaziri hawana. Na najua umeshaahirisha operesheni yako mara mbili.

Basi ukweli ni huu. Kabla ya operesheni, wifi yako ndiye aliyenivisha soksi. Baada yake nimetembea miaka kumi na sita bila fimbo, nikibeba maboksi ya vigae ngazi kwa ngazi, na nikicheza muziki mpaka vijana wanaomba maji.

Daktari alitaka nirudi kila mwaka nipigwe picha. Nilienda minne, nikaacha. Mimi fundi vigae bwana; nikitaka kujua kigae kimeshika, nakigonga nasikiliza. Basi kila mwaka najigonga nyonga kwa mpini wa nyundo, nasikia sauti imejaa, hakuna uwazi ndani, najipasisha.

Mwaka huu ikaanza kulia kama bawaba kavu. Nikipanda ngazi, majirani wote wanajua nimerudi. Nikaenda hospitali. Daktari wa sasa, binti makini, akaniwekea picha kwenye taa. Tufe la kauri zima, kama la jana. Kikombe linamokaa ndicho kimeinama na kulegea mfupani.

“Mzee, hii ina miaka. Ulikuwa wapi?”

Nikamweleza habari ya kugonga.

“Sawa. Na mimi bafu langu nitalipima presha.”

Wifi yako alikuwepo, ni shahidi.

Kulegea kunaweza kumpata yeyote, daktari alisema, ila kuchelewa ni kwangu. Sasa watabadilisha kikombe na kujaza mfupa ulioliwa, kazi kubwa kuliko ya kwanza. Naogopa, sikufichi.

Lakini usiifanye barua hii sababu ya kuahirisha tena. Ningerudishwa nyuma, ile ya kwanza ningeikubali asubuhi hiyo hiyo. Wewe fanya, halafu kliniki uende kila mwaka hata ukiwa unaruka kamba.

Msalimie shemeji, mapacha, na shangazi Redio. Yeye usimwambie kitu. Mungu akushike mkono.

Mimi naingia chumba cha operesheni tarehe tisa, kabla yako. Nikizinduka nitakupigia nikiwa bado kitandani. Usikie sauti yangu kwanza, ndipo uniambie kama bado unaahirisha.

Ni mimi kaka yako, nakupenda kuliko ninavyosema,
Fundi