Tope Nililolitoa Kwenye Tairi

Masanja, rafiki yangu,

Tangu tukuzike situlii. Nakaa barazani, nainuka, narudi kitandani, natoka tena. Mke wangu ananigombeza, "Mzee, moyo wako hauziwezi hizo safari." Anadhani ni ugonjwa tu. Ni kweli naumwa, na daktari hanifichi kwamba muda wangu ni mfupi. Basi acha niseme.

Binti yako Minza anataka pikipiki. Kazi yake ya mifugo inampitisha lami hadi Maswa, kisha udongo mweusi kuelekea Kimali. Juzi alikuja na picha mbili kwenye simu, akanisalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, baba mkubwa. Nichagulie. Ila kumbuka baba yangu alifunga breki kwenye tope, kwa hiyo nipe ya watu wasiojua kuendesha." Akacheka. Mimi sikuweza.

Unakumbuka dukani Mwanza, tulipostaafu ubwana shamba, tukitaka pikipiki moja ya kuzungukia ziwa lote, lami na vumbi? Ile nyepesi, madigadi ya mbele, ile kinga ya tope, ilikaa juu, mbali na tairi, lakini usukani ulitikisika kwenye mwendo wa barabara kuu. Ile nzito ilitulia, ilipendeza, madigadi imelalia tairi. Ukauliza, "Hii ya chini haitajaa tope?" Nikakujibu mbele ya wauzaji, "Tope gani? Wewe unaendesha kama unaswaga ng'ombe, litakuganda hata kiangazi!" Wakacheka, nawe ukacheka. Tukanunua ile nzito.

Nilikuwa najua, Masanja. Kazini nilishakwama kwenye udongo mweusi wa mbugani na pikipiki ya namna hiyo, nikachokonoa udongo kwa kijiti hadi viganja vikachubuka. Lakini nilitaka nionekane juu yake nikiingia mjini.

Siku ile ya ajali njia ya Sapiwi ilikuwa imenyeshewa. Uliendesha, mimi nyuma yako. Tairi la mbele likajaa udongo chini ya madigadi, likagoma kuzunguka. Mimi niliangukia majani. Wewe uliangukia nyonga, ukalala kifudifudi ukiniita.

Na mimi nilianza na tairi. Nilikusikia unaniita, nikaokota kijiti, nikalitoa tope lote ili watu waliokuwa wanakuja na mkokoteni wasilione. Ndipo nikaja kwako nikasema, "Umefunga breki ya mbele, mzee mwenzangu." Ukaamini. Umekufa unachechemea, na kila mara ukiniomba radhi kwa kuharibu safari yetu.

Nimemwambia Minza yote. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo baba alijua kuendesha?"

Nikasema, "Kuliko mimi."

Akaondoka bila kuaga. Nimemtumia ujumbe achukue yenye madigadi ya juu, na usukani ukitikisika kwenye lami apunguze mwendo. Hajajibu. Kila simu ikilia nashtuka.

Wazee wenzetu pale sokoni bado wakikutaja wanasema Masanja Breki. Jumapili nitaomba nipelekwe, hata kwa kubebwa, niwaeleze nilichofanya, kijiti na yote. Watakaonitukana watakuwa na haki. Sikuombi msamaha, umeshaniomba wewe mara nyingi mno. Lala salama, ndugu yangu. Jina lako nitalisafisha kwa mdomo wangu mwenyewe, na pumzi ikiniishia katikati, Minza anajua yaliyobaki.

Ngassa