Yai Lililokataa Kushuka

Salma wa bibi,

Huko Mombasa mko vipi? Huku ng'ambo, Cedar-Riverside, hatujambo, ila theluji imenifungia ndani nami kukaa siwezi. Ndugu yako amepata leseni ya gari, sasa nyumbani haonekani.

Umeniuliza kama nimegombana na mama yako, maana umesikia nala vijiko viwili narudisha sahani. La, mjukuu wangu. Jana alinipeleka hospitali, wakanilisha yai lenye dawa inayoonekana kwenye mashine, kisha wakawa wananipiga picha za tumbo. Kati ya picha na picha nilizunguka korido mpaka nesi akacheka. Picha ya mwisho, baada ya saa nne, yai bado lipo tumboni! Kisukari kimelilegeza tumbo, halisukumi chakula. Sasa nile kidogo kidogo, mara nyingi.

Kwenye korido nilimkumbuka shangazi yangu Zuhura. Nilipokuwa msichana, alikuwa akisema, "Wallahi nimeshiba," na mama mkwe wake anamwongezea wali: "Kwani chakula changu kina nini?" Shangazi alikuwa akila huku akilia, kisha akienda kutapika nyuma ya nyumba.

Mama yako, aliyekuwa akiniongezea kila nikisema nimeshiba, aliitazama ile picha. Leo kanipakulia kwenye kisahani cha chai.

Nimefurahi, Salma, lakini moyo haujatulia. Shangazi hakuwa na picha ya kuonyesha. Alikuwa na neno lake tu, nalo lilipaswa kutosha.

Bibi yako