Zahanati na Thamani ya Hisa

Likasi, Jumanne, Juni 1994

Hoja yangu ilikuwa kamili: kampuni ikiifunga zahanati ya wafanyakazi, wagonjwa wataongezeka, shaba itapungua, na hisa za wenye mali zitashuka thamani. Nilimsomea mkurugenzi kurasa zote nne za barua yetu sisi wafanyakazi, nikiwa nimesimama.

Akapangusa miwani. "Papa, mwenye hisa ni Leta, Serikali yenyewe. Miye pia niliiandikia barua tatu. Haijibu." Kisha akaomba kalamu, akatia sahihi yake juu ya zetu sote, na kuniagiza niongeze habari ya mshahara wake usiolipwa.

Mke wangu, ambaye atajifungua mwezi ujao, nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Ilunga, na mutoto naye atazaliwa mu barua?"

Ninaogopa zahanati itafungwa kabla hajajifungua. Kesho nitakwenda misheni ya Mulungwishi kumwomba mkunga, kwa mdomo, bila hata karatasi.