Kichaka cha Mama Alichong'oa Asa

Kijijini Mossy Run,
New Jersey.
18 Novemba, 1913.

Mpendwa Kaka Lemuel,

Pokea salamu zetu. Hujambo huko Oregon? Mguu uliopondwa na gogo umepona? Mimi sijambo. Mama anakula kidogo, na macho yake sasa yanaona mwanga tu.

Kaka, nakuandikia nikiwa na uchungu.

Mwezi wa saba mdogo wetu Asa alimwomba Mama amfundishe kutambua bluberi, vile vichaka virefu vya kinamasini vyenye matunda madogo ya buluu. Mama alifurahi mno. Miaka mingapi Asa hakuketi naye! Akamweleza yote: maua meupe kama vitungi vilivyoinamishwa, tunda lenye taji la ncha tano, jani lisilo na vitone vya gundi chini yake. Akamshikisha kitawi: "Hiki kina vipele vidogo vidogo. Kile kingine kinachofanana nacho, chenye matunda ya mbegu ngumu, hakina."

Kumbe Asa alikuwa ametumwa. Mwezi wa kumi alikuja na aliyemtuma, tajiri mmoja mwenye shamba, wakaking'oa kichaka cha Mama cha bluberi, kile kirefu kuliko wewe, wakakikatakata vipande vyenye mizizi, wakavipanda shambani kwa tajiri huyo. Sasa kinaitwa "Asa", kwa jina la aliyekionyesha.

Mama alipofika pale kilipokuwa akapapasa hewa, nusura atumbukie shimoni. Nilikwenda kumkabili Asa. Akacheka: "Dada nawe! Kichaka tu hicho. Msitu mzima umejaa."

"Basi mbona hamkung'oa kingine?"

Jumapili alikuja na jembe, akapanda kichaka shimoni, akamwita Mama: "Njoo, Mama. Nimekurudishia chako."

Mama akapitisha vidole kwenye kitawi, polepole, kutoka shinani hadi nchani. Nami nilikiona: laini, hakina kipele hata kimoja. Kilikuwa kile cha mbegu ngumu.

"Ahsante, mwanangu," Mama akasema.

Asa alipoondoka nilitaka kumkimbilia nimwaibishe. Mama akanishika mkono. "Nyamaza, Keturah. Akijua nimejua, hatakuja tena."

Kaka, mimi ndiye ninayemwosha na kumwongoza njia kila siku. Nimemtii, ndiyo maana nakuandikia wewe. Nawe ukimwandikia Asa, usiliguse jambo hili.

Nisalimie shemeji Philena na wanao. Shangazi Dorcas anakukumbuka sana. Mungu akulinde na miti inayoanguka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Keturah