Shikamoo ya Mama Somoe

Alhamisi, Chilangala

Ile shikamoo bado inaniuma.

Mama Somoe ni mkubwa kuliko mama yangu mzazi. Leo kaingia ofisini, kafungua fundo la kanga, kamwaga mezani kwangu mbegu za mahindi alizozifukua shambani, kavu, nyingine zimeliwa na wadudu.

"Shikamoo, Serikali," akasema. "Mvua yako iko wapi?"

Ni mimi, mtendaji wa kijiji, niliyepita na mgambo nyumba kwa nyumba kuwaamuru wapande. Sheria ndogo ya halmashauri inasema mvua ya kwanza ikinyesha kila mtu apande, asiyepanda apigwe faini. Ikanyesha, wakapanda, jua likarudi. Zamani mvua ikianza ilikuwa imeanza. Siku hizi inatudanganya, na sheria haijui.

Zamani ushirika ungemkopesha mbegu. Sasa ni soko huria, na wanunuzi wanafuata korosho tu.

Kesho kikaoni nitasema watu wapande wakiona udongo umelowa hadi chini, faini tuiache. Diwani atawaka. Kazi yenyewe huenda...

Mama Somoe alisimama pale akingoja niitikie. Marahaba ikanikwama. Nikamwamkia mimi: "Shikamoo, mama."

Hakuitikia.