Bomba Linalomeza Upepo

Nyakakika, 6 Agosti 1954

Kobugabe, mke wangu (bado nalipenda mno neno hili),

Na lile bomba la kupulizia rangi, basi, nimechagua dogo. Najua ulitaka kubwa, kwa kuwa linapaka haraka. Bwana Mgeni aliagiza yote mawili kutoka Kampala, akaniruhusu kuyajaribu dukani kwake kwa mmoja wa wale ng'ombe wadogo wa mbao ninaomchongea Bwana Mifugo. Lile kubwa linameza upepo. Nilipiga pampu ya baiskeli, nikakimbilia bomba, nikarudi kwenye pampu, mpaka mikono ikalegea na ng'ombe akatoka kama ana upele.

Bwana Mgeni akacheka. "Mwalimu, si umeoa juzi tu? Mkeo apige pampu."

Nikamjibu kwamba uko kwenu Kituntu, nesi amekukataza kazi nzito mpaka ujifungue. Sikumwambia kwamba damu ilikutoka siku ile uliyonipigia pampu ya lile bomba la kuazima tangu asubuhi, ukiniimbia, nami nikishangilia rangi tu.

Hili dogo linaendeshwa na mtu mmoja. Nimechoka, mpenzi. Nikipika matoke bado napika ya wawili, kisha nakaa nayatazama.

Mpe Mama shikamoo yangu. Umeandika kwamba bado anadhani uliumizwa na ndoo ya maji. Usimwambie lolote. Nitakuja mwenyewe kumweleza, kabla mwezi huu haujaisha.

Wako,
Tumwine