Wagonjwa wa mazoezi

Kilibula, Alhamisi, 1957

Mazoezi ya jana yalivurugika, na bado bwana mkubwa wa serikali ameandika kwamba tuko tayari kwa homa ya mafua!

Mazoezi yenyewe yalikuwa hivi: watu kumi wazima walale dispanseri wakijifanya wagonjwa, nami, muganga, niwapime joto na kuzuia wageni. Saa nne ndugu zao wakajaa na ugali, samaki wadogo wa ndakala, pombe ya ndizi. Nikapiga kelele kwamba hakuna anayeumwa.

"Tunajua," akasema Mama Feza, jirani yangu. "Lakini muntu iko amelala, tutamuacha peke yake?"

Leo tangu saa kumi natetemeka kwa homa ya kweli. Termometre, kipimo cha joto, naogopa kuitazama tena. Mama Feza ameingia na uji. Nimemwambia asinikaribie, haya si mazoezi.

Akasogeza kiti karibu zaidi.